Monita (spika za studio) za inchi 5 ukikaa mita 2, zinatosha?

Zinatosha kaka, ila kwa sauti ya kiasi. Zile desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) za kwenye boksi zimepimwa mita 1 tu. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Ukitaka 85 pale ulipokaa mita 2, spika itoe 91 kwa mita 1, na hizo 6 za juu zinakula nguvu ya amplifaya mara nne. Hapo bado hujaacha nafasi ya desibeli 20 hivi kwa mapigo ya ghafla ya ngoma, kiki na sneya.

Ndani ya chumba unapoteza pungufu ya hizo 6, kwa sababu kuta zinarudisha sauti. Changu hapa Nyakato ni tofali tupu na bati juu. Mita 2 napoteza kama desibeli 4, kwa kupima na simu (siyo kipimo cha kuapia).

Halafu hiyo 85 ni kiwango cha vyumba vikubwa vya sinema. Chumba cha futi 10 kwa 12, piga 76 mpaka 78, masikio hayachoki. Mvua ya ziwani ikianza kupiga bati, zima ukanywe chai.