Watu saba, Jumamosi, mkutane wapi?

Ndugu, umeuliza kikundi chenu cha watu saba kikutane wapi Dar es Salaam kwa kazi ya kikundi. Kwa kuwa mmoja anatoka Mbagala, wawili Kimara na waliobaki Tegeta, usianze na uzuri wa sehemu, anza na nauli. Mimi ningetafuta karibu na kituo cha Morocco: wa Kimara wanashuka na mabasi ya mwendokasi, wa Tegeta wanakuja na daladala za Makumbusho. Wa Mbagala ataunganisha, mvumilieni akichelewa.

Maktaba Kuu pale Bibi Titi ni nzuri kwa kusoma, ila kazi ya kikundi ni kubishana, na maktaba haitaki kelele. Mgahawa nao una gharama zake. Kikundi chetu kiliwahi kukaa mgahawani kwa muda wa saa tatu na soda moja moja. Mhudumu akaanza kufagia chini ya miguu yetu, muziki ukapandishwa, na soketi ya ukutani ilikuwa moja kwa laptopu tano. Tukaondoka hatujamaliza hata ukurasa wa kwanza.

Kilichotufaa ni darasa la shule. Jumamosi mengi yako wazi. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua fupi, mwahidi mtaacha madawati yalivyokuwa, na mlinzi msimsahau. Ubao upo, chaki nunueni wenyewe. Ukumbi wa kanisa pia unafaa asubuhi. Jioni kwaya huwa mazoezini.

Popote utakapopata, pitia siku moja kabla, saa ileile mtakayokutana. Kaa dakika kumi, chomeka chaja, piga simu uone kama mtandao unashika. Na uliza choo kiko wapi.