Saa ya Fedha ya Babu: Anza na Kifuniko cha Nyuma

Hapa Lamu saa za mfukoni bado zipo. Zimo kwenye zidaka, zimo chini ya makasha pamoja na hati za nyumba, na mtu akifariki warithi huzitoa na kuulizana: hii ni ya lini? Kwa kuwa napenda vitu hivi, nyingi hunipitia mikononi. Karibu kila anayeniletea hunionyesha uso wa saa, maana hapo pana jina. Jina hilo mara nyingi ni la muuza duka tu. Umri umeandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma.

Kabla hujakifungua, tafadhali usisugue. Fedha ikipiga weusi kwa hewa ya bahari, sisi huikimbilia kwa majivu na ndimu. Kwa bangili sawa, lakini kwenye saa kila msuguo hula mihuri, yaani zile alama ndogo zilizogongwa ndani ya fedha, na muhuri uliolika haurudi. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Kisu cha jikoni nacho kiache jikoni. Tafuta kijidomo ukingoni mwa kifuniko uingize ukucha. Kisha simama karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, uazime lenzi ya sonara au upige picha kwa simu na kuikuza.

Saa ya Uingereza ndiyo tamu kuisoma. Tafuta simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua: hiyo ni fedha ya 925 kwa 1000. Pembeni yake pana alama ya mji ambako ubora wa fedha ulipimwa. Kichwa cha chui ni London (kabla ya 1821 kilivaa taji), nanga ni Birmingham, upanga na miganda mitatu ya ngano ni Chester. Birmingham wanapima fedha tangu 1773, na watu hushangaa kuona nanga kwenye mji usio na bahari.

Halafu kuna herufi moja peke yake. Hiyo ndiyo mwaka, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kila mji ulikuwa na mzunguko wake. Chukua n ndogo ya kawaida: London ni 1908, Birmingham ni 1912. Mizunguko nayo hujirudia, kwa hiyo linganisha na jedwali la herufi za mji huo mtindo wa herufi pamoja na umbo la ngao inayoizunguka. Birmingham walianza na a ndogo mwaka 1875 na tena 1900. Ya kwanza ni ya mwandiko wa kale wenye pembe, ya pili ni ya kawaida. Tena herufi haikubadilishwa Januari. London waliibadilisha Mei, Birmingham Julai, hivyo 1908 hapo maana yake ni 1908 hadi 1909.

Mtu akikwambia saa yako ni ya bandia kwa kuwa haina kichwa cha malkia, mwache. Kichwa kile kilikuwa alama ya ushuru, na maganda ya saa, yaani mwili wa fedha unaofunika mashine, yalisamehewa ushuru huo mwaka 1798. Ukikuta 0.925 kwa tarakimu badala ya simba, na pembetatu badala ya nanga, ganda lilitoka nje na likapimwa Birmingham. Tangu 1907 maganda ya kigeni yalilazimika kupimwa Uingereza.

Za Uswisi ni bahili wa habari. Dubu aliyesimama ni 0.875, ndege wa porini ni 0.800, dubu watatu ni 0.935. Mihuri hiyo ilianza miaka ya 1880, na herufi ya mwaka hakuna. Zilizoandikwa "Nickel Silver" au "Silveroid" hazina fedha hata chembe.

Tahadhari na tarakimu. Saa moja ilisomwa 1842 na familia nzima ikafurahi, kumbe ni namba ya ganda. Sisi tuliokulia karibu na masonara tungepaswa kulijua hili: reali za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha, karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20. Na mikwaruzo midogo kama maandishi ya sindano ndani ya kifuniko ni ya mafundi waliowahi kuitengeneza; ukiona tarehe humo, ni ya matengenezo.

Mwisho, mashine. Ganda na mashine vyaweza kuwa na asili mbili. Mashine nyingi za kampuni ya Waltham ziliundwa Marekani zikavishwa ganda la Dennison, watengenezaji wa maganda wa Uingereza, lenye nanga ya Birmingham. Namba iliyochongwa kwenye mashine ya Waltham ina orodha yake ya miaka. Muhuri na mashine vikipishana mwaka mmoja au miwili, sawa. Vikipishana ishirini, kuna mtu aliyevichanganya, na bei ishuke.

Wapo wanunuzi wanaofika tu na mizani, wakikupa bei ya fedha ya kuyeyusha. Simlaumu sonara, hiyo ndiyo kazi yake. Ila wewe taja mji na herufi kwanza, kabla hajaiweka saa kwenye sahani.