Fundi, mashine ya misumari namba 18 au 16 kwa akitrevu na skatingi?

Swali: Fundi habari za kazi. Nipo Buhongwa, nyumba imeisha kasoro urembo wa mbao: akitrevu (mbao za kuzunguka fremu) za milango minne, biding (vipande vyembamba vya urembo) za silingi ya plaiwudi, na skatingi (mbao ya chini ya ukuta) sebuleni. Mume wangu anataka tununue mashine ya upepo ya kupigia misumari, dukani wanatuambia namba 18, 16 na 15. Tuchukue ipi, au nyundo inatosha?

Jibu: Nzuri dada yangu, hongereni kwa kufika hapo. Kabla ya namba angalieni kwanza nyuma ya hiyo mbao kuna nini. Zile video mnazoona mtu anapiga skatingi ta-ta-ta chumba kimeisha, nyingi ni za Marekani na kule kuta za ndani mara nyingi ni bodi ya jipsamu juu ya nguzo za mbao, msumari unapita bodi unakuta mbao unashika. Sisi huku ni tofali na plasta, msumari mwembamba ukigonga tofali la saruji unajikunja au unabandua plasta, afu skatingi inabaki inacheza. Kwa hiyo skatingi itoeni kabisa kwenye hesabu ya mashine, hiyo ni drili, fisha (kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu) namba 6 na skrubu. Skatingi ya milimita 15, plasta nayo kama 15, skrubu iwe ya 60 ili nusu yake iingie kwenye tofali lenyewe, maana fisha ikiishia kwenye plasta ni kazi bure. Kichwa kizamisheni, pakeni fila ya kuzibia tundu, pigeni msasa.

Sasa akitrevu na biding ndo kazi ya mashine, na hapo mimi nasema 18. Namba ikiwa kubwa msumari ni mwembamba, 18 ni kama milimita 1.2, 16 kama 1.6, na 15 ni mnene zaidi, hiyo waachieni wanaofunga fremu na mbao nzito. 18 inaacha tundu dogo ambalo fila kidogo tu inaliziba na haipasui biding nyembamba kirahisi. Kwenye boksi la misumari mtaona F30 au F50, F ndo hiyo namba (geji) 18 na namba ya mbele ni urefu kwa milimita, T ni za 16, ST ni za zege na haziingii kwenye mashine hii, msibebeshwe. Akitrevu ya milimita 12 pigeni F30 au F40 upande wa ndani unaolalia fremu, upande wa nje unaogusa ukuta wekeni gundi ya tyubu. Fremu ikiwa mninga mkavu jaribuni kwanza kwenye kipande, ule ni mgumu, msumari unaweza kubaki kichwa nje ikabidi uusukume kwa panchi (kile chuma cha kuzamishia kichwa). Biding nazo zilengeni kwenye branderi, zile mbao zinazobeba silingi, plaiwudi ya milimita 3 peke yake haishiki kitu.

Ila kwa ukweli, milango minne na silingi moja mimi nisingenunua, maana mashine ya upepo bila kompresa (ile inayojaza upepo) ni chuma tu, na kompresa ndo inakula hela. Azimeni au kodini kwa fundi wa karibu, hata kompresa ndogo inatosha, mashine hizi nyingi zinakula presha ya bar 4 mpaka 7. Au nyundo, panchi na misumari myembamba, toboeni kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari, inachelewa lakini inatoka safi.

Mkikodi, vaeni miwani, na mkono unaoshika mbao ukae mbali na ncha ya mashine kwa sababu msumari ukikutana na fundo unaweza kugeuka ukatokea pembeni. Ukikwama, chomoeni mpira wa upepo kabla hamjagusa chochote. Na mkiamua kununua basi, ulizeni F30 zinapatikana hapohapo dukani kabla hamjatoa hela.