Kihisi kinaposema hewa ni mbichi

Umeuliza kwa nini kihisi cha unyevu kwenye laini ya hewa ya kompresa kinasoma joto la umande -20°C (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kuganda; likiwa chini zaidi, hewa ni kavu zaidi) wakati kikaushio cha hewa hiyo kinatakiwa kutoa -40. Kabla hujagusa kikaushio, angalia kibomba cha mpira kinachopeleka hewa kwenye kihisi. Ukuta wake hupitisha mvuke kutoka nje, hata kama ndani mna presha ya bar 7, kwa sababu mvuke hukimbilia upande ulio mkavu zaidi. Badala yake weka kibomba kifupi cha chuma cha pua, kisha uwe na subira. Kipimo cha ukavu wa -40 huchukua hata saa kadhaa kutulia.

Hakikisha pia kwamba hiyo -20 na hiyo -40 ni za presha moja: hewa yenye umande wa +3 kwenye bar 7 husoma karibu -23 ikishaachiwa nje. Mafuta ya kompresa nayo huziba uso wa kihisi, basi kikae baada ya filta.

Na nakuomba sana, usikifungue kihisi wakati laini ina presha. Funga vali, toa hewa polepole mpaka geji isome 0, ndipo ushike spana. Kihisi kikichomoka na presha, kinaruka kama risasi.