Usisahihishe makala zilizovurugika kabla hujafungua faili

Nilipohamisha blogu yangu kutoka programu moja kwenda nyingine, cha kwanza kuharibika kilikuwa ng’ombe. Kila nilipoandika neno hilo pakawa panasomeka ngâ€™ombe. Ng’ambo, ng’oa, ng’ara, yote yakapatwa na ugonjwa uleule. Nikafanya jambo ambalo nakusihi usilifanye: nikakaa kusahihisha kwa mkono, makala moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimefika ya 40 nilipogundua kwamba faili nililolihamisha lilikuwa zima kabisa.

Ritifaa iliyopinda, yaani ile alama ya ’ iliyo ndani ya ng’ombe, huhifadhiwa kwa baiti 3 (baiti ni kipimo kidogo cha data) katika UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi. Ikisomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, kila baiti inageuka herufi yake, ndiyo maana alama moja inazaa tatu. Ritifaa iliyonyooka (') haidhuriki. Hilo lilinichanganya sana, maana baadhi ya ng’ombe walikuwa salama na wengine hawakuwa. Walioharibika ni wale niliowanakili kutoka programu ya kuandikia, ambayo huzipinda ritifaa yenyewe. Kwa hiyo ukiona â€™, tulia: maneno yako hayajapotea, yamesomwa vibaya tu.

Fungua faili la .xml, lile lililobeba makala zako kutoka blogu ya zamani, kwa programu ya maandishi ya kawaida, utafute neno mojawapo. Likiwa safi humo, kosa liko upande wa kupokea, mara nyingi kwenye hifadhidata, pale blogu inapotunza makala. Kama hifadhidata yako ni ya aina ya MySQL, chagua mfumo wa herufi wa utf8mb4. Ile inayoitwa utf8 kwa kifupi haipokei herufi inayozidi baiti 3, na emoji nyingi zinahitaji 4. Makala ikikatika ghafla katikati, tazama faili la asili uone kama pale pale ilipoishia palikuwa na emoji. Lakini neno likiwa bovu ndani ya faili lenyewe, tengeneza nakala, ubadilishe yote kwa mkupuo humo, ndipo uingize.

Kabla ya kuingiza upya, futa makala mbovu na umwage kapu la takataka pia. Hapa ndipo kazi yangu ya mkono iliponigharimu. Kiingizaji cha WordPress, programu ya kuendeshea blogu, kwa mfano, huruka makala ikikuta nyingine yenye kichwa na tarehe ileile, hata kama iko kwenye takataka. Kwa hiyo makala yenye kichwa safi na mwili mbovu itarukwa na kubaki mbovu, na ile yenye kichwa kibovu itaingia mara ya pili. Mimi nilijikuta na mchanganyiko wa zote mbili, nikafuta kila kitu nikaanza upya.

Tabia hiyo ina faida yake pia. Uingizaji ukikwama katikati, unaweza kuurudia bila hofu ya kurudufisha zilizokwisha kuingia. Na unakwama mara nyingi, kwa sababu PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, isiporekebishwa hupokea faili lisilozidi megabaiti 2 na kuipa kazi sekunde 30. Omba viwango viongezwe au gawanya faili vipande. Picha nazo zina mtego: usipoweka tiki kwenye kisanduku cha kupakua viambatisho, zinaendelea kusomwa kutoka blogu ya zamani. Usiifunge ile ya zamani hadi uhakikishe picha zimehamia.

Kuhariri kuna balaa lake. Unabonyeza kuhifadhi, unaambiwa imeshindikana, jibu si JSON sahihi (JSON ni muundo wa data ambao seva hutumia kujibu). Kabla ya jambo lolote, nakili maandishi yako yote uyaweke kwenye faili la pembeni. Usiburudishe ukurasa kwanza, tafadhali. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, kihariri cha WordPress, yaani ukurasa wa kuandikia, hutuma makala kwa REST, njia ya programu kuwasiliana na seva, na njia hiyo ikizibwa popote, hakuna kinachohifadhiwa. Nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu (anwani za makala zako) ubonyeze hifadhi bila kubadili kitu. Mara nyingi hapo hapo inafunguka. Isipofunguka, zima plagini zote (programu ndogo za nyongeza), uwashe moja moja.

Ikigoma makala moja tu huku nyingine zinakubali, iache mipangilio, ichunguze makala yenyewe. Yangu ilikuwa ya kufundisha hifadhidata. Niliondoa aya moja, nikahifadhi, ikagoma. Nikaondoa nyingine, ikagoma. Aya ya tano ilipotoka, ikapita. Humo mlikuwa na mfano wa amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, na ukuta wa ulinzi wa seva ulidhani ni mtu anashambulia. Niliwaandikia wanaosimamia seva, nikawawekea ile aya yenyewe na saa kamili niliyojaribu kuhifadhi, ili waikute kwenye kumbukumbu zao. Wakalegeza kanuni ile moja, na makala ikahifadhika nzima.