Gari la zamani likiingia maji: namna ya kuwinda shoti bila kuunguza wairingi

Masika ikinyesha usiku kucha, asubuhi yake Jangwani hapapitiki, na vichochoro vya Tandale, Kigogo na Mikocheni vimegeuka mito. Gari lililolala uani linakutwa maji yamefika kwenye viti. Mwenye gari anasubiri yapungue, anaingia, anageuza ufunguo aone kama bado linawaka. Hasara nyingi huanzia hapo. Mpaka dakika ile, vitu vingi vya umeme vilikuwa vimelowa tu, havijafa.

Maji ya mvua yakiwa matupu hayapitishi umeme kwa nguvu. Ila maji ya mafuriko ya Dar si matupu hata siku moja: yana tope, sabuni, maji ya vyoo na, kwa walio karibu na bahari, chumvi. Chukua soketi yenye pini mbili zilizo jirani, moja ina volti 12 muda wote, nyingine ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Maji hayo yakijaa humo, umeme unavuka kutoka pini moja kwenda nyingine na kuila shaba ya upande wa chanya. Ule ukoga wa kijani unaouona baadaye ni shaba hiyo iliyolika. Kwenye maji ya chumvi pini nyembamba haihitaji siku nyingi kwisha. Umeme usipokuwepo, soketi hiyohiyo inaweza kukaa majini, ikaoshwa, ikakaushwa na kurudi kazini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kufuta hata kiti, ni kutoa betri. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 10. Anza na kichwa cha hasi, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, subiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa hasi ndipo uguse chochote kwenye usukani, na zile soketi za njano usizichokonoe kwa testa wala mita. Magari ya haibridi, yenye nyaya nene za rangi ya chungwa, hayahusiki na makala hii. Hayo mpelekee fundi aliyesomea.

Injini nayo isizungushwe. Maji yakiwa yamefika kwenye boksi la ea klina, fungua plagi zote kwanza, maana maji hayabonyei na yanaweza kukunja konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni. Vuta stiki ya oili pia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili imwagwe.

Sasa kukausha, ambako watu hukimbilia mwisho. Toa viti (bolti huwa namba 14) na uinue kapeti yote. Kapeti juu inaweza kukauka kwa siku moja ya jua, lakini sponji iliyo chini yake hubaki na maji wiki nzima na zaidi, na ubavuni mwake, chini ya vizingiti vya milango, ndimo bando la waya linapopita kwenda nyuma. Fungua plastiki za pembeni mwa miguu, ya dereva na ya abiria. Huko kuna soketi kubwa za kuunganishia wairingi ya mbele na ya ndani, na kwenye magari ya miaka ya 1990 ndiko shoti nyingi hujificha.

Soketi zilizoingia tope au chumvi zinaoshwa kwa maji safi. Hilo huwashangaza wengi, lakini chumvi haitoki kwa kukausha, inabaki na kunyonya unyevu wa hewa ya pwani kila usiku. Suuza kwa maji safi, malizia na maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo asidi! Duka huuza vyote viwili na chupa hufanana. Kisha puliza kwa upepo mdogo wa kompresa, acha mahali penye jua na hewa. Mafuta ya taa na petroli weka mbali. Huacha ngozi ya mafuta, hulegeza mipira, na kwa petroli unatafuta moto. Dawa za kupuliza za kufukuza maji zinasaidia siku ile ya kwanza tu, kisha pini zisafishwe kwa dawa ya kusafishia kontakti au spiriti kali.

Kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta yake, itoe nje hata kama unadhani maji hayakuifikia. Kwenye Toyota nyingi za zamani iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, au chini katikati. Fuata bando nene la waya utaikuta. Fungua mfuniko. Ukiona tope, osha kwa maji ya betri na brashi laini, malizia na spiriti, acha ikauke siku mbili kivulini penye upepo. Angalia zile kapasita za duara, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Iliyovimba kichwa au iliyovuja maji chini yake, maji yenye harufu kama ya samaki, ibadilishwe na fundi wa elektroniki kabla boksi halijapewa umeme. Kapasita hizi huchoka kwa umri hata bila mafuriko, kwa hiyo usishangae ukikuta moja imevuja kitambo.

Jambo moja linalosahaulika: maji hupanda ndani ya waya. Nyuzi za shaba ndani ya plastiki huvuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Soketi ya chini ikiwa imezama, unaweza kukuta ukijani ndani ya waya shubiri moja juu ya mahali maji yalipoishia. Waya unaonekana mzima kwa nje lakini ukiukunja unasikia ugumu wa mchanga.

Kurudisha umeme

Hapa subira ndiyo inayookoa wairingi. Piga picha boksi la fyuzi, kisha chomoa fyuzi zote. Zile kubwa zilizofungwa kwa skrubu ziache. Tafuta balbu ya breki ya wati 21, iunganishe waya mbili. Funga betri upande wa chanya, lakini upande wa hasi pitisha balbu hiyo kati ya kichwa cha betri na waya wa ethi. Balbu haitaruhusu zaidi ya ampia 1.75 hivi kupita, kiasi ambacho hakiunguzi waya wa gari. Ufunguo uwe umezimwa, milango imefungwa au balbu ya ndani imetolewa.

Balbu ikiwaka kwa nguvu zote wakati fyuzi zote ziko nje, shoti iko kabla ya boksi: waya mnene wa stata, alteneta yenyewe, au waya wa betri uliochubuka. Chomoa waya wa nyuma ya alteneta kwanza. Diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikifa, umeme hurudi kupitia humo. Balbu isipowaka, rudisha fyuzi moja moja. Mwako hafifu au wa kupepesa mara moja, kwa mfano redio inapopata umeme, usikutishe. Fyuzi inayofanya balbu iwake wazi ndiyo yenye kesi, ichomoe tena na uendelee na nyingine.

Baada ya hapo funga hasi moja kwa moja na uhamishie balbu yako kwenye nafasi ya fyuzi yenye tatizo. Njia zinazopata umeme ufunguo ukiwashwa zikaguliwe hivihivi. Shoti ikiwepo, balbu inawaka sana. Sasa chomoa kimoja kimoja kilicho kwenye njia hiyo: soketi ya taa ya nyuma, injini ya wipa, honi. Kile ambacho ukikichomoa balbu inazima, umekipata. Ukivichomoa vyote na bado inawaka, shoti iko kwenye waya. Tikisa bando taratibu kuanzia boksi kwenda nyuma, mwenzako akitazama balbu. Itakapopepesa, fungua tepu hapo. Balbu ikiwaka nusu tu, bado kuna kifaa kinachokula umeme au kuna maji yanayovujisha kati ya pini.

Wanaopenda kupima kwa omu wawe waangalifu. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi ina chini ya omu 1, na mita itakuambia kuna shoti wakati hakuna. Balbu zote zitoke kwenye holda ndipo upime, na betri iwe imechomolewa.

Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi. Nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukiweka ya kijani mahali pa nyekundu, au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, waya ndio unageuka fyuzi, na unakatikia ndani ya dashibodi huku ukiunguza majirani zake.

Si kila kituko ni shoti. Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa ya breki inapepesa, au ukikanyaga breki taa ndogo zinafifia, hiyo ni ethi mbovu: umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia balbu nyingine. Washa taa kubwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya holda ya taa. Ikizidi volti 0.2, ethi hiyo inataka kufunguliwa, kusuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kufungwa na kupakwa grisi juu, baada ya kufunga, siyo kabla. Kuna ethi ya betri kwenda bodi, ya injini kwenda bodi, na zile za kwenye buti nyuma ya taa. Magari mengi yaliyotajwa kuwa na "wairingi imekufa" yalihitaji bolti tatu za ethi kusuguliwa tu.

Rilei, zile swichi zinazowashwa kwa umeme, nazo zikizama hudanganya. Unasikia mlio wa kubofya, lakini kontakti za ndani zimeota kutu na umeme haupiti. Badilishana na jirani yake yenye namba sawa, utajua mara moja. Distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi kwenye injini za zamani kama 5A-FE ya Toyota, ifunguliwe mfuniko, ifutwe na kukaushwa. Mstari mweusi mwembamba kama wa penseli ndani ya mfuniko ni njia ya cheche. Haifutiki, nunua mfuniko mwingine.

Betri inayolala usiku

Gari linawaka, kila kitu kinafanya kazi, lakini baada ya siku tatu betri haina nguvu. Hapo kuna umeme unaovuja. Weka mita kwenye tundu la ampia 10, ipitishe kati ya hasi ya betri na waya wake, funga milango, subiri nusu saa, na usijaribu kupiga stata mita ikiwa humo. Miliampia 20 hadi 50 ni kawaida. Ukiona 300, betri ya Ah 45 itafika nusu baada ya saa 75, yaani hizo siku tatu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Kukarabati waya, kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, hata ikibidi kukata shubiri nzima. Shaba nyeusi haishiki risasi. Ongeza kipande cha waya wa unene uleule, sokota, choma risasi, vika kibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa moto. Tepu peke yake kwenye boneti hulegea kwa joto na kugeuka mfuko wa maji.

Wiki tatu au nne baadaye fungua tena soketi za miguuni na za taa za nyuma. Ukijani ukiwa umerudi, chumvi haikutoka yote, suuza upya. Siku hiyohiyo kagua mipira inayopitisha waya kutoka bodi kwenda mlangoni, maana ya magari ya zamani hupasuka, na waya za vioo vya umeme hukatikia humo. Toa pia majani ya mwembe na mwarobaini yaliyoziba matundu ya kutolea maji chini ya wipa. Hayo yakiziba, mvua ya kawaida tu inamwagikia blowa na kushuka kwenye kapeti upya, bila mafuriko yoyote.