Shotgani kutoka Tukuyu kwenda Kilwa: chumvi inatolewa na maji, mafuta yanafuata

Kamwene wakuu. Mdau wa Tukuyu kauliza kwamba anahamia Kilwa Masoko kikazi, ana shotgani ya pampu anayoimiliki kihalali, kaambiwa hewa ya bahari inakula chuma, na fundi wake kamwambia dawa ni kupaka mafuta mengi tu basi. Naona wengi hapo juu mmemuunga mkono huyo fundi. Mi napinga, na ntaandika kirefu kidogo maana nimekaa mwambao wa kusini miaka kadhaa kwenye kazi ya ulinzi, usafi wa silaha za kambi ulikuwa mikononi mwangu, na sasa niko huku Mafinga na shotgani yangu, kwa hiyo bara naijua na pwani naijua.

Mkuu, mafuta hayatoi chumvi. Shida yote iko hapo. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya bunduki, haiyeyuki kwenye mafuta ya taa wala petroli, inayeyuka kwenye maji. Ukipaka mafuta juu ya chuma ambacho tayari kina chumvi umeifunika tu, ipo pale pale chini inaendelea na kazi yake, na wewe unalala ukijua umetunza silaha.

Najua utasema Tukuyu mvua inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu kila siku, na bunduki yako haijawahi kukusumbua, sasa Kilwa kuna nini cha ajabu. Cha ajabu ni hicho hicho, chumvi. Maji ya mvua ya Rungwe au ukungu wa kwetu Mufindi ni maji masafi, yakigusa chuma chenye mafuta yanateleza, yanakauka, yameisha. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita, mawimbi yakipasuka yanarusha vitone vidogo sana visivyoonekana kwa macho, upepo unavibeba mpaka dirishani kwako, vinakauka juu ya mtutu, maji yanaondoka chumvi inabaki. Halafu hiyo chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewani. Chumvi ya mezani inaanza kulowana yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, na pwani usiku unyevu unapita hapo kirahisi. Ndani ya chumvi ya bahari kuna na kloridi ya magnesi ambayo inavuta maji hata hewa ikiwa kavu, unyevu wa asilimia 33 tu unatosha. Kwa hiyo bunduki yako imekaa ndani, haijanyeshewa, haijaguswa, na bado ina utando wa maji ya chumvi karibu saa 24. Na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo juu ya chuma, ndo maana inakwenda kasi vile.

Kuna kitu nilikiona kule sijakisahau. Askari mmoja alishika mtutu asubuhi akiwa na jasho, akaiweka silaha kwenye raki, hakuifuta. Baada ya siku chache pale juu ya mtutu kulikuwa na alama ya kidole gumba ya rangi ya kahawia, mistari yote ya ngozi inasomeka. Jasho nalo ni maji ya chumvi. Tulipoifuta kwa mafuta ile kahawia ikatoka ila mistari ikabaki imechorwa kwenye ile rangi nyeusi ya kiwandani. Tangu hapo ikawa sheria ya kambi, ukiishika unaifuta, hata kama umeisogeza tu.

Sasa kazi yenyewe inafanyikaje. Kwanza kabisa toa risasi zote, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na kwa kidole, angalia na tyubu ya magazini inayobeba risasi chini ya mtutu, mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu, risasi zipeleke chumba kingine. Hapo hakuna mjadala. Kisha fungua mtutu, toa ule mkono wa mbele wa kuvutia, toa springi ya magazini kama unajua kuirudisha. Osha kwa maji ya moto. Ndiyo, maji, najua watu wanashtuka, nilipoanza kumwagia bunduki maji kwenye karai wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Lakini waulize wazee wa huku wenye magobore, baruti nyeusi ina shura, aina ya chumvi, ndani yake na masizi yake yanavuta unyevu kama chumvi, mzee akirudi porini anamimina maji ya moto ndani ya mtutu mpaka yatoke meupe, anakausha, ndo anagusa mafuta. Hata majeshi yaliyotumia risasi za zamani za kiberiti cha kloreti (kiberiti ni kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) yalikuwa yanafundishwa hivyo hivyo, maana kile kiberiti kikilipuka kinaacha chumvi ya potasi ndani ya mtutu na mafuta peke yake hayaitoi. Maji ya moto yana faida nyingine, chuma kinapata joto halafu kinajikausha chenyewe haraka.

Ila angalia maji unayotumia. Hapa ndo wageni wengi wa pwani wanaumia. Visima vingi vya kule karibu na bahari maji yake yana chumvi, ukionja tu ulimi unakuambia, sasa ukiosha bunduki kwa hayo umefanya nini? Kinga maji ya mvua uweke dumu moja la kazi hiyo, au suuza ya mwisho tumia maji ya kunywa ya chupa, lita moja na nusu inatosha mtutu na mambo yake yote.

Kama silaha imezama kabisa baharini, boti imepinduka au wimbi limekuja, na huna nafasi ya kuifungua muda huo, usiiache ikauke juani. Kutu inataka maji na hewa kwa pamoja, chumvi inaiongezea kasi, na ile saa chuma kinakauka chumvi ikiwa juu yake ndo kinaliwa vibaya sana. Toa risasi, izamishe yote kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi mpaka upate muda wa kuifungua kipande kwa kipande. Tulishafanya hivyo na ile bunduki ilipona vizuri, wakati nyingine iliyoachwa juu ya mchanga ikauke "ili tuipake mafuta kesho" ilikuwa imeshapata mashimo ndani ya mtutu.

Ukishaosha unafuta, unapuliza kwenye kona kwa ile pampu ya upepo kama ipo, kisha kitu cha kufukuza maji yaliyojificha. Hapo WD-40 ni nzuri na hiyo ndo kazi iliyotengenezewa mwaka 1953 kule Marekani, kufukuza maji, hiyo 40 ni jaribio la arobaini. Lakini isiwe ndo ulinzi wako wa mwisho, sehemu kubwa inapeperuka inabaki filamu nyembamba sana ambayo Kilwa haitakufikisha mbali. Ifute, paka mafuta halisi ya bunduki, Ballistol ikipatikana ni nzuri maana inakubaliana na maji. Paka kidogo kwa kitambaa, filamu ienee kila mahali, sio idondoke. Ukipaka mengi kule pwani unakusanya mchanga na vumbi, mafuta yanashuka mpaka kwenye kitako cha mbao yanaozesha mbao. Mi bunduki naihifadhi mdomo chini, mafuta yakishuka yashuke kuelekea nje.

Oili chafu ya gari usiguse. Naona mdau mmoja kashauri hiyo, kaka hapana, oili iliyotumika ina tindikali na maji ya moshi wa injini, unapaka kutu kwa mkono wako mwenyewe. Mafuta ya kula nayo yanaganda yanakuwa gundi, kifyatuo kinakuwa kizito. Grisi inafaa kama unaiweka miezi bila kuigusa, ila lazima uitoe yote ndani ya mtutu kabla ya kupiga, mtutu ulioziba unaweza kupasuka usoni kwako.

Kinachosahaulika ni sehemu zisizoonekana. Watu wanang'arisha mtutu kwa juu hadi unajiona usoni, kumbe chini ya ule mkono wa mbele, chini ya raba ya kitako, kwenye skrubu za kuning'inizia mkanda na kwenye springi ya magazini mambo yameharibika zamani. Mkanda wenyewe ukiwa wa ngozi au turubai unanyonya jasho na chumvi, utoe bunduki ikiwa nyumbani. Na kamwe usihifadhi silaha ndani ya mfuko wake wa ngozi au wenye sponji, ule ni wa safari tu, sponji inashika unyevu inauegemeza kwenye chuma usiku kucha. Sehemu zile zinazojificha ndani ya mbao mi napaka nta, nta nzito ya kung'arishia gari inafaa, haifutiki kirahisi na jasho kama mafuta, na mbao yenyewe nasugua nta ya nyuki ambayo huku kwetu haikosekani.

Kabati la silaha lifungwe kwa kufuli na liwe mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, ndani weka vile vifuko vya silika jeli, vikishiba unyevu unavikausha kwenye oveni au juu ya jiko la moto mdogo unavirudisha. Bila kuvikausha ni mapambo. Kitu kingine kama nyumba au gari ina AC, bunduki ikitoka kwenye ubaridi ikaingia kwenye hewa ya nje ya pwani inatoa jasho hapo hapo, mtutu unalowa nje na ndani. Iache ipate joto kidogo uifute, na wakati huo huo usiifungie kwenye mfuko. Siku unayoshuka mlima Kitonga ukitokea kwenye baridi ya huku mwezi wa saba, ukifika tu ifungue uikague, usingoje wiki.

Aina ya chuma nayo ina maneno. Ile rangi nyeusi ya bluu inayong'aa ni kutu iliyofugwa tu, nyembamba sana, bila mafuta haikingi kitu. Ile ya kijivu isiyong'aa ya fosfeti inashika mafuta vizuri zaidi. Kwa bahari zenyewe kuna zilizotengenezwa na mpako maalumu wa kuzuia kutu, kama Remington 870 Marine Magnum au Mossberg 500 Mariner, na hata hizo zina springi na pini ndani zinazotaka kuangaliwa. Chuma kisichoshika kutu nacho kinashika, aina ya 416 inayotumika sana kwenye mitutu inatobolewa na chumvi vishimo vidogo vidogo kama ukiidharau. Na kama bodi ya bunduki yako, kile kiwiliwili kinachobeba mitambo, ni ya alumini kama Mossberg 500, hutaona wekundu, utaona unga mweupe kuzunguka skrubu za chuma, hiyo ndo kutu yake.

Ukikuta kutu nyekundu ya juu juu, mafuta na sufi ya chuma ile laini kabisa ya 0000, taratibu, unafuta na kuangalia. Msasa hapana, utatoa na rangi yote. Mashimo ndani ya mtutu au chemba usijaribu mwenyewe, peleka kwa fundi mwenye leseni.

Risasi nazo zina namna yake, hazipakwi mafuta, yanaweza kupenya kwenye kiberiti zikagoma. Vitako vingi vya risasi za shotgani ni chuma kilichopakwa shaba juu tu, vikishika kutu vinavimba vinang'ang'ania chemba. Weka kwenye chombo kinachobana hewa na silika jeli, na zile zinazokaa kwenye silaha kazini zibadilishe mara kwa mara, usiache zile zile mpaka zioteane na springi.

Wale mnaosema haya yanahusu pwani tu, nendeni mkaangalie stoo zenu za mbolea. CAN ukiacha mfuko wazi msimu wa mvua unakuta uji, na vumbi lake likikaa kwenye chuma ni chumvi kamili, jirani yangu huku Mafinga alikuwa anaficha bunduki nyuma ya magunia ya mbolea na ilishika kutu kuliko nyingi nilizoziona Kilwa.

Kabla hujaondoka mkuu pitia polisi wilayani kwako wakuelekeze taratibu za kuhama na silaha, sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina mchezo, na ukifika Kilwa jitambulishe kituoni na karatasi zako. Halafu nijibu hapa shotgani yako ni ya rangi gani, nyeusi inayong'aa au kijivu, bodi inanasa sumaku au hainasi, na nyumba utakayokaa iko umbali gani na maji, maana mita mia za kwanza kutoka kwenye mawimbi na kilomita mbili ndani ni maisha mawili tofauti, nikijua hivyo ntakuambia uikague kila jioni au mara moja kwa wiki inatosha.